Malaria na Figo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Dawa

Wakazi wa Wilaya za Tarime na Serengeti huitambua malaria kwa homa, baridi na maumivu ya viungo. Madhara yake katika figo hayafahamiki sana, ingawa yanaweza kumwua mgonjwa.

Mwaka 1967, J. W. Kibukamusoke na wenzake nchini Uganda walieleza uhusiano kati ya vimelea vya Plasmodium malariae na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Katika miaka ya 1970 watafiti waliwaambukiza kima wa Amerika vimelea vya namna hiyo, na figo za kima hao zikaharibika. Hata hivyo, nyani na tumbili wanaoingia mashambani kandokando ya Hifadhi ya Serengeti wasidhaniwe kuwa chanzo cha malaria yetu. Ugonjwa huu huenezwa na mbu aina ya Anofelesi kutoka mtu hadi mtu.

Plasmodium falciparum, aina iliyoenea zaidi nchini, hudhuru figo kwa haraka. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata katika mishipa midogo na kuzuia damu. Nyingine hupasuka, na mabaki yake huzilemea figo. Kutapika na kutokwa jasho hupunguza maji mwilini na kuzidisha madhara hayo.

Kwa hiyo, dawa isiyofaa huongeza hatari. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kudhuru figo za mgonjwa aliyepungukiwa maji. Tena hazitibu malaria. Nafuu yake ya muda huuficha ugonjwa.

Mtumiaji azingatie haya:

1. Apime malaria kabla ya kununua dawa.
2. Anunue katika duka la dawa lililosajiliwa, asome tarehe ya mwisho wa matumizi na adai risiti.
3. Akiandikiwa dawa mseto (ALu), aimeze pamoja na chakula, mara mbili kwa siku kwa siku 3, na aimalize hata akipata nafuu.
4. Amwulize mtoa dawa kuhusu parasetamoli kwa ajili ya homa, na anywe maji ya kutosha.
5. Mkojo ukipungua au kuwa mweusi kama kahawa, macho yakiwa ya njano, au mgonjwa akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Asinunuliwe dawa nyingine dukani.

Anayeitilia shaka dawa aliyouziwa asiitumie. Aihifadhi pamoja na kifungashio na risiti, kisha atoe taarifa kwa mfamasia wa wilaya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.