Vidonda vya Barakoa na Glovu



Ngozi ni ukuta wa mwili. Ukuta ukiwa mzima, vijidudu hubaki nje. Ukipasuka, hupata njia. Leo tujifunze juu ya wafanyakazi wa hospitali wanaoumizwa ngozi na vifaa vinavyowakinga.

Hapa Zanzibar mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 2020. Mwezi huo kwetu ni joto, na masika yanaingia. Mtu akitoka Mlandege kwa miguu hadi Mnazi Mmoja hufika jasho linamtiririka. Je, muuguzi aliyevaa barakoa, miwani ya kinga, glovu na gauni kwa saa nyingi?

Mwaka huo huo huko Hubei, China, wataalamu waliwauliza wafanyakazi wa afya 542. Kati yao 526 walikuwa wamedhurika ngozi. Palipoumia zaidi ni mwanzi wa pua.

Sababu ni tatu:

Kwanza, kubanwa. Barakoa hukandamiza ngozi juu ya mfupa na damu haipiti vizuri. Ngozi huwa nyekundu, kisha hutoka kidonda.

Pili, jasho. Ngozi iliyorowa hulainika, kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, nayo huchubuka upesi.

Tatu, sabuni. Kunawa mara nyingi huondoa mafuta ya ngozi, mikono ikapasuka. Wengine huwashwa na mpira wenyewe wa glovu.

Basi hatari iko wapi? Mwenye kidonda huteremsha barakoa, hujikuna, au huacha glovu. Hapo maradhi humpata yeye, na huweza kufika kwa mgonjwa na kwa watoto nyumbani. Kwa hiyo dawa si kuvua vifaa. Dawa ni kuilinda ngozi:

1. Vaa kifaa kinachokuenea. Kukaza zaidi si kujikinga zaidi.

2. Vaa glovu mikono ikiwa mikavu, na kazi ikizitaka. Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana itakaswe kwa spiriti yenye glisirini. Haikaushi ngozi kama sabuni.

3. Mafuta ya nazi au ya mgando yapakwe baada ya kazi. Usiyapake ukivaa glovu za mpira, kwani mafuta huudhoofisha mpira.

4. Usibandike plasta chini ya barakoa bila ya kumuuliza msimamizi. Ikiacha upenyo, kinga imekwisha.

5. Wakubwa wa kazi wapange zamu, kila mtu apate nafasi ya kuvua mahali salama na kupumzika.

6. Kidonda kionyeshwe mapema. Si aibu.

Na sisi wa nyumbani tunayo kazi. Mama au kaka akirudi zamu mikono imepasuka, tusimwachie vyombo na ndoo ya kufulia. Tumpokee.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini jasho huifanya ngozi ichubuke upesi?
2. Kwa nini mafuta ya nazi hayafai ndani ya glovu za mpira?
3. Nyumbani kwenu nani hufanya kazi hospitali? Mtamsaidiaje?