Mbwa Aliyekatwa Mguu kwa Saratani ya Mfupa: Jinsi ya Kumtunza Nyumbani

Mbwa akianza kuchechemea hapa Bumala, kila mtu anajua sababu kabla ya kuulizwa: amegongwa. Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia inapita sokoni, malori ya mpakani hayana usiku wala mchana, bodaboda ndizo hizo, na mbwa wetu wengi hawafungwi. Kwa hivyo tunamkanda kwa maji ya chumvi, tunamwachia kivuli chake na kusubiri. Mara nyingi tunakuwa tumepatia. Makala haya yanahusu zile mara chache ambazo tunakosea.

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusoma taarifa zangu kuhusu chanjo ya ng'ombe na homa ya nguruwe. Leo nawaomba tuzungumze kuhusu mbwa mmoja wa mama yangu aliyeitwa Simba, kwa kuwa mambo niliyojifunza kwake niliyajifunza kwa kuchelewa.

Simba alikuwa chotara wa German Shepherd, umri wa miaka 8, uzito wa kilo 35 hivi. Alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Baada ya wiki tatu tukaona uvimbe juu kidogo ya kifundo. Haukuwa laini kama jipu. Ulikuwa mgumu kama mfupa wenyewe, na ukiugusa alirudisha mguu na kulia. Mimi, mwenye digrii yangu ya uanahabari, nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vya maumivu vya watu, nikamfichia ndani ya ugali. Usiku alitapika. Siku ya pili kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami. Daktari wa mifugo alipofika, kabla hata ya kutazama mguu aliuliza, "Mmempa nini?"

Basi tuanzie hapo. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo ziko karibu kila nyumba, huchoma tumbo la mbwa hadi likatoka damu, na zinaweza kuua figo zake. Kinyesi cheusi ni damu iliyopita tumboni. Parasetamoli nayo huharibu ini lake kipimo kikizidi, na kipimo cha mtu mzima ni kikubwa mno kwa mbwa. Kuna dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama vile meloksikamu, lakini hutolewa na daktari kwa kupima uzito. Na kama mbwa wako amechomwa sindano ya deksamethasoni, ambayo wengi huikimbilia wakiona uvimbe, mwambie daktari kabla hajampa dawa nyingine ya maumivu. Hizo mbili zikikutana tumboni huleta vidonda.

Onyo lingine kabla hatujaendelea. Mbwa anayeburuta miguu ghafla, anayetokwa na mate, aliyebadilika tabia au anayeshindwa kumeza, usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kupooza. Mfungie mahali salama, weka watoto mbali, na piga ripoti ofisi ya mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Uvimbe wa Simba ulikuwa osteosakoma, yaani saratani inayoanzia kwenye mfupa. Ndiyo saratani ya mfupa inayoonekana zaidi kwa mbwa, hasa wale wakubwa kama German Shepherd, Rottweiler na machotara wao, na hasa wakishapita miaka 7. Madaktari wana njia rahisi ya kukumbuka inakopenda kukaa: mbali na kiwiko, karibu na goti. Kwa mguu wa mbele itafute juu ya kifundo au kwenye bega, na kwa mguu wa nyuma itafute pande zote mbili za goti. Haisababishwi na kugongwa, wala na jicho la jirani. Eksirei huonyesha mfupa ulioliwa, na kipande kidogo kinachopelekwa maabara huthibitisha. Mfupa huo ukivunjika, kuufunga kwa vibao hakusaidii, kwa sababu mfupa wenye saratani hauungani.

Kauli ya mbwa kukatwa mguu ilipotolewa, mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, mnataka kumwadhibu?" Ni swali ambalo wengi watauliza, na linastahili jibu la kweli. Mguu haukatwi ili kuiponya saratani. Unakatwa ili kuondoa maumivu. Kati ya mbwa 10 wanaogunduliwa na ugonjwa huu, kama 9 tayari wana mbegu zake kwenye mapafu, ndogo kiasi kwamba eksirei ya kifua haizioni. Mguu ukikatwa bila tiba nyingine, nusu ya mbwa hufa ndani ya miezi 4 hadi 5. Kemotherapi ikiongezwa, nusu hufikisha miezi 10 hadi 12, na mmoja kati ya watano hivi huuona mwaka wa pili. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo anakuuzia matumaini.

Kaka yangu mkubwa hakuficha maneno. Aliuliza kama pesa hizo si karo ya muhula mzima. Zilikuwa karo ya muhula na zaidi. Sitataja bei hapa kwa sababu dawa hupimwa kwa ukubwa wa mbwa na gharama hubadilika, lakini nawasihi mkae kikao cha familia kabla ya upasuaji, si baada yake. Ulizeni mambo matatu: gharama yote hadi mwisho ni kiasi gani, nani atabaki nyumbani wiki mbili za kwanza, na miguu mitatu iliyobaki ina afya? Mbwa mwenye yabisi kali ya nyonga au mnene kupita kiasi atapata taabu kusimama. Kama jibu ni hapana, kumlaza kwa sindano mikononi mwa daktari ni uamuzi wa heshima. Sumu ya panya, kamba au rungu si uamuzi. Ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Upasuaji wa namna hii haufanyiki katika kila ofisi ya mifugo. Anza na daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yako, yeye ndiye atakayekuandikia barua ya rufaa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo katika bewa la Kabete, na ng'ambo ya mpaka kuna shule ya udaktari wa mifugo ya Makerere, Kampala. Kwa jiografia yetu Kampala iko karibu zaidi, ila mbwa havushwi pale Busia au Malaba kama mkungu wa ndizi. Atahitaji cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, hati ya afya na kibali, vyote vikiwa tayari kabla ya safari. Daktari yeyote utakayemwendea awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Muulize, hatakasirika.

Simba alirudi kutoka Nairobi nyuma ya pikapu, akiwa amelazwa juu ya godoro, ubavu umenyolewa na mshono mrefu. Usiku wa kwanza alilia hadi alfajiri. Daktari alikuwa ametuonya kwamba dawa za usingizi huchanganya akili kwa saa kadhaa. Asubuhi alisimama mwenyewe, akaanguka, akasimama tena, akaenda kukojoa kwenye mwembe wake. Mama ndiye aliyelia.

Mguu wa mbele hubeba uzito mkubwa kuliko wa nyuma, takriban asilimia 60 ya mwili iko mbele. Kwa hivyo aliyekatwa wa mbele huchukua muda kidogo kuzoea. Adui mkubwa ni sakafu ya simenti iliyosuguliwa. Tulitandaza magunia kutoka alipolala hadi mlangoni, tukayabana pembeni kwa matofali yasiteleze. Kumsaidia kuinuka, tulipitisha leso chini ya kifua chake tukashika ncha mbili juu ya mgongo. Aliyekatwa mguu wa nyuma, leso ipite chini ya tumbo karibu na nyonga. Usimvute kwa mkanda wa shingo. Bakuli la chakula liweke juu ya tofali ili asiiname sana.

Mshono ni kazi ya kila siku. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na katika muda huo asilambe, asioge, asikimbie. Badala ya kola ya dukani tulikata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, tukatoboa matundu na kuifunga kwenye mkanda wake. Alitutazama kwa chuki, lakini mshono ulipona. Nzi ni hatari zaidi kuliko tunavyodhani, kwani huacha mayai na mayai huwa funza kabla hujageuka. Mlaze ndani, na kama una chandarua kilichochakaa, hapo ndipo kazi yake. Uvimbe mdogo na wekundu wa siku za mwanzo ni kawaida. Usaha, harufu mbaya, mshono kuachana au kukataa chakula siku mbili, piga simu. Vivyo hivyo kama wiki kadhaa baadaye anashtuka na kulia akigeukia mahali mguu ulipokuwa. Mishipa ya fahamu huweza kuumia kwa mguu usiokuwepo, na kuna dawa yake, kama gabapentini.

Kisha mpunguze ugali. Najua inasikika kama unyimivu kwa mgonjwa, lakini kila kilo ya ziada inabebwa na miguu mitatu. Omena, mayai na mabaki ya nyama bila mifupa iliyopikwa vinamfaa zaidi. Kata kucha ndefu. Mtembeze dakika tano mara nne kwa siku badala ya dakika ishirini mara moja.

Kemotherapi huanza baada ya mshono kupona. Simba alipewa kaboplatini, dawa ile ile inayotumiwa kwa watu, kwa njia ya mshipa, kila baada ya wiki tatu. Kwa kawaida ni mara 4 hadi 6. Tulimudu tatu. Mbwa wengi hawanyonyoki manyoya wala hawadhoofiki kama tunavyowaona wagonjwa wa binadamu, maana kipimo hupangwa ili aishi vizuri, si kupigana hadi tone la mwisho. Anaweza kukosa hamu ya kula siku mbili tatu. Kipindi cha kuangalia ni kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu zinaposhuka. Nunua kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2 hivi. Likizidi 39.5 naye amepooza kwa unyonge, usingoje kupambazuke.

Jambo hili halitajwi vya kutosha katika boma zetu ambamo watoto na kuku wanashiriki ua mmoja: dawa hiyo hutoka na mkojo na kinyesi. Kwa siku tatu za kwanza au zaidi, kama daktari atakavyoelekeza, mbwa akojoe mahali pamoja mbali na kisima, mwagia maji mengi, zoa kinyesi kwa glavu. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa.

Majirani waliuliza mlinzi gani wa miguu mitatu. Mwizi wa kuku aliyeruka ua mwezi wa nne hakuihesabu hiyo miguu, alisikia sauti tu akaacha kiatu kimoja.

Mwezi wa nane kikohozi kilianza. Kilikuwa kikavu, cha usiku, na uzito ulishuka ingawa alikula. Hiyo ndiyo dalili ya mapafu, na mwenye mbwa wa namna hii aijue mapema ili asimlaumu mtu. Tulikubaliana na daktari kuhusu ishara tatu: asipokula, asipoinuka kumlaki mama, asipolala kwa kukosa pumzi. Zilipotimia mbili, daktari alikuja nyumbani.

Dawa inayotumika kumlaza mbwa hubaki ndani ya mwili wake, na mbwa mwingine au ndege akiula mzoga anaweza kufa. Kwa hivyo shimo liwe refu, zaidi ya mita moja, mbali na kisima na mto. Kaka yangu ndiye aliyelichimba. Tulimwambia linatosha, akaendelea kuchimba.