Nafasi ya Vali katika Injini ya Pikipiki: Yafaa Ikaguliwe Mara Ngapi

Wakulima wengi siku hizi hupeleka mazao yao sokoni kwa pikipiki. Gunia la viazi au tenga la nyanya, ambalo zamani lilichukuliwa kichwani mpaka barabara kuu, sasa hupanda na kushuka milima kwa magurudumu mawili. Pikipiki imekuwa chombo cha shamba kama jembe. Na jembe hunolewa. Katika karatasi hii tutaeleza jambo moja tu la utunzaji wake ambalo wengi hulisahau, nalo ni kukagua nafasi ya vali.

1. Nafasi ya vali ni nini

Maneno haya yahusu injini ya mipigo minne, yaani ile ambayo petroli yake haichanganywi na oili tankini. Juu ya silinda yake mna vali: moja hufunguka ili kuingiza hewa na petroli, na nyingine hufunguka ili kutoa moshi. Kila vali husukumwa na mkono mdogo wa chuma. Vali inapofungwa, hapana budi pawe na nafasi ndogo sana kati ya mkono huo na ncha ya vali. Mahali hapo ndipo mafundi wanapopaita tapeti.

Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, na injini yake imeigwa katika pikipiki nyingi za Kichina zitumikazo Afrika ya Mashariki. Nafasi ya vali zake ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Huo ni unene upatao ukurasa mmoja wa daftari.

Nafasi ikizidi, mkono hugonga vali, na mlio wa kugongagonga husikika. Nafasi ikipungua hata kwisha, vali haiwezi kufunga sawasawa. Hatari kubwa ni hii ya pili. Vali ya moshi huchomwa na moto wakati wote injini ifanyapo kazi, nayo hupoa hasa kwa kugusa kiti chake inapofunga. Isipofunga haipoi; moto hupenya ubavuni mwake, na ukingo wake huungua.

2. Usitegemee masikio

Mkulima mmoja wa mlimani alinijia kwa furaha, akasema, "Bwana Shamba, pikipiki yangu ilikuwa ikigonga tapeti, lakini sasa imenyamaza yenyewe." Nikafurahi pamoja naye, wala sikumwambia aipime. Kosa hilo lilikuwa langu kuliko lake. Mwezi uliofuata, njegere zikiwa zimekwisha kuvunwa na kutiwa magunia, pikipiki ilikataa kuwaka asubuhi ya siku ya soko. Fundi alipofungua kichwa cha injini aliikuta vali ya moshi imeungua ukingoni. Njegere zilikaa siku nne, zikapata joto ndani ya magunia na kuharibika. Na fedha iliyowekwa kwa mbolea ikanunua vali.

Injini haijiponyi. Kelele za tapeti zikikoma bila mkono wa fundi, yaelekea kiti cha vali kimelika, vali imezama, na nafasi inakwisha. Yule angojaye kusikia kelele ndipo akague, hatasikia kitu mpaka siku ya hasara. Kwa hiyo ukaguzi ufuate hesabu ya kilometa, usifuate masikio.

3. Hesabu ya kilometa

Agizo la kwanza ni kitabu cha mtengenezaji. Usiazime hesabu ya pikipiki ya jirani, maana injini hazifanani. Pikipiki ya njia za porini iitwayo Yamaha WR250R iliagizwa ikaguliwe vali kila maili 26,600, yaani zaidi ya kilometa 42,000. Kumbe zile za mashindano ya matopeni hukaguliwa kwa hesabu ya saa, kwa kuwa injini zao huzungushwa kwa kasi kuu.

Kwa pikipiki ndogo za kazi, ambazo tapeti zake hurekebishwa kwa skrubu, na mwenyewe hana kitabu, twashauri hivi. Ikiwa mpya, au imetoka kufunguliwa na fundi, ikaguliwe baada ya kilometa 1,000 za kwanza. Kisha ikaguliwe kila kilometa 3,000. Ikiwa hupanda milima na mzigo, iwe kila kilometa 2,000, maana katika gia ya kwanza injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa kuliko katika gia ya juu.

Mathalani, mtu aendaye sokoni mara nne kwa juma, kilometa 50 kwenda na kurudi, hutimiza kilometa 200 kwa juma. Akikaa mlimani, zamu yake ya kukagua hufika kila baada ya majuma 10. Ikiwa saa ya kilometa imekufa, ahesabu majuma hayo. Tena, hata kama hesabu haijatimia, akague kabla ya mavuno.

Pikipiki ikiwa ngumu kuwaka asubuhi, au ikipungua nguvu mlimani, au kiki ikiwa nyepesi kuliko desturi, ipimwe mara moja bila kungoja zamu. Na chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwa maana vumbi lipitalo humo husaga viti vya vali na silinda pia.

4. Jinsi ya kukagua

Fanya kazi hii asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Chuma hutanuka kwa joto, na kipimo kilichotajwa ni cha injini baridi. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, kisha fungua kifuniko cha vali.

Zungusha injini kwa spana katika nati ya krenki mpaka alama T ilingane na alama ya kwenye ganda. Shika mikono ya vali zote mbili na kuitikisa. Yote miwili ikicheza kidogo, mahali ni pake. Usipoona hivyo, zungusha mzunguko mmoja kamili, ulinganishe T tena. Mkono mmoja usipocheza hata sasa, huenda nafasi yake imekwisha kabisa.

Chukua kipimo cha mabamba, ambacho mafundi hukiita fila, upenyeze bamba lenye unene ulioagizwa. Lipite kwa kukwaruza kidogo. Likilegea, nafasi imezidi. Likikataa kuingia, imepungua. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu mpaka kipimo kiwe sawa, kisha ishike skrubu isigeuke huku ukikaza nati. Pima mara ya pili, kwa sababu kukaza nati huweza kuharibu kipimo.

Wala usikubali fundi aseme kwamba kidole chake kinatosha kuwa kipimo. Kidole hakiwezi kutambua tofauti ya milimita 0.08 na 0.03.

Mwisho, andika katika daftari la shamba tarehe, kilometa, na kipimo ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Ukiona nafasi ya vali ya moshi imepungua kila zamu, umepata habari mapema, nawe waweza kumwita fundi kabla njegere hazijaingia maguniani.