SOMO LA 14: BARUA ILIYOFIKA TYNEHAM

Ndugu msomaji, sasa unaweza kusoma barua yako mwenyewe. Huna haja tena ya kumpelekea jirani akusomee. Katika somo hili utasoma habari za barua moja iliyohamisha kijiji kizima. Kijiji hicho kiko Uingereza. Kinaitwa Tyneham. Jina hili husomwa Tainamu.

Wengi wetu tukisikia Uingereza, hufikiri juu ya London, viwanda na treni. Lakini Uingereza ina vijiji pia, na wakulima, na wavuvi.

Kijiji chenyewe

Tyneham iko katika mkoa wa Dorset, kusini mwa Uingereza. Iko bondeni, kati ya vilima. Ukitembea kidogo kwa miguu unafika baharini. Zamani palikuwa na kanisa la mawe, shule ndogo, posta, na safu ya nyumba za wafanyakazi. Maji yalichotwa kwenye bomba la kijiji. Watu walilima na kufuga ng'ombe. Wengine walikaa ufukoni, mahali paitwapo Worbarrow, wakivua vibua.

Bonde lote lilikuwa mali ya ukoo mmoja, ukoo wa Bond, tangu mwaka 1683. Shika jambo hili, maana tutalirudia. Wanakijiji wengi walikuwa wapangaji. Mtu aliweza kuzaliwa katika nyumba, akaoa humo, akalea watoto humo, na nyumba isiwe yake.

Watu husimulia habari za Tyneham kana kwamba kila kitu kilikuwa kizuri mpaka siku ya kuhama. Sivyo. Vijana walikuwa wamekwisha anza kuondoka kutafuta kazi. Shule ilifungwa mwaka 1932 kwa sababu watoto walikuwa wachache mno. Lakini waliobaki walipapenda, na palikuwa kwao.

Barua yafika

Mwaka 1939 Vita Kuu ya Pili ilianza. Kufika mwaka 1943, majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa yakijiandaa kuvuka bahari kwenda Ufaransa, kupigana na Wajerumani. Askari wa vifaru walihitaji mahali pa kujifunza kupiga mizinga. Karibu na Tyneham, huko Lulworth, palikuwa na uwanja wa jeshi. Ikaamuliwa uwanja huo upanuliwe.

Barua iliandikwa tarehe 16 Novemba 1943. Iliwaambia wakazi wawe wameondoka ifikapo tarehe 19 Desemba. Huo ni muda wa siku 33 tu. Na huko Uingereza Desemba ni mwezi wa baridi kali, jua huzama mapema. Watu wapatao 225 walitakiwa watafute mahali pengine pa kukaa, wahamishe vyombo, na wauze mifugo yao.

Barua ilikuwa ya adabu. Ilisema kwamba serikali inajua kuwa haombi jambo dogo. Tena wakazi walielezwa hivi: jeshi likiwa halihitaji tena mahali hapo, na likaparudisha, watakuwa na haki ya kurudi.

Soma tena maneno hayo, polepole. Wanakijiji waliliona neno "kurudi". Wakaliweka moyoni. Lakini mbele ya neno hilo palikuwa na neno jingine: "likiwa". Kwa Kiswahili shida yote imo katika silabi moja, "ki". Jeshi likiwa halihitaji. Je, nani atakayesema kwamba jeshi halihitaji tena? Ni jeshi lenyewe. Na mwaka wa kurudi haukutajwa.

Wakahama. Kabla ya kuondoka, waliacha tangazo kwenye mlango wa kanisa. Liliwaomba askari walitunze kanisa na nyumba. Lilisema kwamba wenyeji wameziacha nyumba zao ili kusaidia kushinda vita, na kwamba siku moja watarudi. Katika tangazo hilo hapakuwa na "kama" wala "ikiwa". Wao waliandika kama walivyoelewa.

Baada ya vita

Vita viliisha mwaka 1945. Watu wa Tyneham wakasubiri. Mwaka 1948 jibu likaja: serikali imeamua kuichukua ardhi ile moja kwa moja, kwa kuwa jeshi bado linaihitaji.

Sasa rudi kwenye lile jambo tulilosema ulishike. Fidia ya ardhi ilikuwa ya mwenye ardhi. Mpangaji hakuwa na ardhi ya kulipwa. Alichoweza kudai ni thamani ya mboga na mazao aliyoyaacha bustanini. Miaka yote aliyokaa pale haikuhesabiwa.

Je, serikali ilikuwa na hila tangu mwanzo? Si lazima. Mwaka 1943 vita vilikuwa vikali, na huenda aliyeandika barua aliamini maneno yake. Lakini aliyeandika hakuwa yeye aliyeamua mwaka 1948, na aliyeamua hakufungwa na ahadi iliyokuwa na "ki" ndani yake.

Mizinga iliendelea kupigwa. Mapaa yakaanguka. Mwaka 1968 watu waliunda kikundi cha kudai bonde lirudishwe. Mwaka 1974 serikali ilikataa kulirudisha, ila ilikubali wageni waruhusiwe kuingia zaidi. Tangu mwaka 1975 watu wanaweza kuitembelea Tyneham siku ambazo jeshi halifanyi mazoezi, hasa mwisho wa juma.

Hali ilivyo leo

Nyumba nyingi ni kuta tupu, hazina mapaa. Kanisa na shule vimetengenezwa. Ndani ya shule utaona madawati, kama kwamba watoto wametoka kucheza. Katika magofu yamewekwa mabango yenye picha na majina: hapa alikaa fulani, kazi yake ilikuwa hii. Habari hizo zilipatikana kwa watu waliohama na jamaa zao. Walikuwa wametunza picha za zamani na kumbukumbu zao.

Jambo moja la ajabu: kwa kuwa bonde halijalimwa kwa matrekta wala kumwagiwa dawa za mashamba tangu mwaka 1943, vipepeo, ndege na maua ya mwituni ni wengi huko kuliko katika mashamba ya jirani.

Mpaka sasa, miaka zaidi ya 80 baada ya barua ile, jeshi bado linauhitaji uwanja.

Maswali

1. Watu wa Tyneham walipewa siku ngapi za kuhama?
2. Kwa nini mwenye ardhi na mpangaji hawakupata fidia sawa?
3. Linganisha maneno ya barua na maneno ya tangazo la kanisani. Tofauti yake ni nini?
4. Kama wewe ungepokea barua ile, ungemwuliza aliyeileta maswali gani kabla ya kuanza kufunga mizigo? Jadilianeni darasani.

Zoezi la kuandika

Andika majina ya watu wa nyumba tano za jirani zako, na kazi ya kila mmoja. Kisha mwulize mzee mmoja nani walikaa hapo zamani, uandike na majina hayo. Tia tarehe.