Kabureta ya jenereta: sikiliza kwanza, bisibisi baadaye

Mwenye duka wa Marikiti, soko la viungo hapa Mombasa, akiniletea jenereta inayosumbua, hutarajia nianze na bei. Mimi humuuliza kwanza: ukivuta choki nusu, inatulia au inazidi? Jibu lake hunipa nusu ya kazi kabla sijashika spana, na ukielewa kwa nini, hutahitaji kuzungusha kila skurubu unayoiona.

Kazi yangu ni injini ndogo za petroli, hasa jenereta za kuvuta kamba, zile zinazotolewa nje ya maduka ya viungo na leso stima ikipotea. Nyingi huishi maisha magumu: miezi kadhaa chini ya kaunta, halafu siku moja zinatakiwa ziwashe taa, mizani na friji papo hapo. Stima ilipopotea nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, zilizokataa kuwaka hazikuwa na injini mbovu. Kilichokuwa kibovu ni petroli iliyolala ndani ya kabureta.

Wengi huamini kwamba injini inafyonza petroli kama mtu anavyofyonza soda kwa mrija. Inayosukuma petroli ni hewa. Pistoni ikishuka, silinda hubaki na nafasi, na hewa ya nje hukimbilia kuijaza kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikifika penye ubano inalazimika kuongeza kasi, na ikiongeza kasi presha yake hushuka. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliandika juu ya jambo hili mwaka 1797. Hapo penye ubano ndipo kinapochomoza kijibomba cha shaba ambacho mguu wake umezama katika bakuli la petroli. Bakuli nalo lina tundu la kupumulia, kwa hiyo juu ya petroli kuna presha ya kawaida, hii tunayoishi ndani yake. Presha kubwa bakulini, presha ndogo kooni: petroli inapanda yenyewe. Waliokulia Mji wa Kale watalikumbuka lile bomba la bati la kupulizia dawa ya mbu, unasukuma mpini, upepo unapita juu ya kimrija, na dawa inatoka kama ukungu. Kabureta hufanya vivyo hivyo, ila mkono wa kusukuma ni wa pistoni.

Njiani kuelekea juu, petroli hukutana na vitundu vidogo vya hewa ubavuni mwa kijibomba, ikageuka povu kabla ya kutoka. Povu hupasuka haraka kuwa ukungu, na ukungu huwaka vizuri. Petroli ikiingia kwa matone, plagi italowa tu na utavuta kamba mpaka bega liume.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu mashine hii. Petroli kilo moja inataka hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Ukigeuza kuwa lita, kwa joto letu la pwani, lita moja ya petroli inakula zaidi ya lita 9,000 za hewa. Ndiyo sababu jeti kuu, kile kipande cha shaba kinachopima petroli, kwenye jenereta ya kawaida ya dukani huwa na tundu la kama milimita 0.7. Uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuharibu kipimo chote.

Kuna jeti ya pili, ndogo kuliko hiyo, na ndiyo inayowasumbua wateja wangu zaidi. Jenereta ikiwa haijabebeshwa mzigo, kilango cha hewa kinachoendeshwa na gavana, kifaa kinachotunza kasi ya injini, huwa karibu kimefungwa. Hewa inayopita kooni ni kidogo, haina kasi, presha haishuki vya kutosha kuinua petroli kupitia jeti kuu. Basi petroli hupitia njia nyembamba ya pembeni na kutokea nyuma ya kilango. Njia hiyo ikiziba, injini hukosa petroli na kuanza kuzima. Gavana anahisi mzunguko unashuka, anafungua kilango. Jeti kuu inaamka, injini inapaa. Gavana anafunga tena. Utaisikia: wuu, wuu, wuu, inapanda na kushuka bila kutulia, na taa za duka zinapwesa nayo.

Hapo ndipo swali langu la choki linapofanya kazi. Choki ni kilango cha mbele, hupunguza hewa inayoingia. Ukiivuta nusu na injini ikatulia, maana yake petroli ilikuwa haitoshi: tafuta tundu lililoziba, au hewa inayoingia kwa magendo kwenye gasketi kati ya kabureta na injini. Ukiivuta na injini ikatoa moshi mweusi na kutaka kufa, petroli ilikuwa nyingi tayari, na kosa liko kwingine: sindano ya floti, ile inayozuia petroli bakuli likijaa, haifungi, au hewa haipiti.

Na Marikiti hewa hukosa kupita kwa namna yake. Jenereta ikiwekwa mlangoni mwa duka la viungo, inavuta kila kinachopeperuka: manjano, pilipili, bizari. Nimewahi kufungua chujio la hewa nikakuta sponji imegeuka rangi ya pilau, na vumbi lenyewe limeshikana na mafuta likawa kama udongo. Kabureta ya mashine ile haikuwa na tatizo lolote. Tulifua sponji kwa maji na sabuni, tukaikausha, tukaipaka mafuta ya injini kidogo na kuikamua, ikarudi kazini. Anzia hapo kila mara. Ni kazi isiyo na gharama.

Ikibidi kufungua bakuli, toa mashine nje, mbali na jiko na sigara, ngoja ipoe. Funga koki ya mafuta. Weka kikombe chini, kisha fungua bolti ya chini ya bakuli. Tazama kilichomo kabla hujakimwaga: maji hukaa chini kama shanga, na petroli iliyozeeka huwa na rangi ya chai na harufu kali ya rangi ya mafuta. Utando wa kijani kwenye shaba ni unyevu wetu wa pwani. Toa jeti kwa bisibisi inayojaa mfereji wake sawasawa, maana shaba ni laini na ukiparura kichwa hutaitoa tena. Inyanyue uitazame dhidi ya mwanga: lazima uone duara kamili. Kamwe usichokoe kwa sindano ya kushonea au waya mgumu, utapanua tundu na mashine itakula petroli mpaka ubadilishe jeti. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa stima, dawa ya kusafishia kabureta, na upepo wa kompresa. Wanaojaza tairi watakupulizia. Pulizia na vile vitundu vya hewa, wengi huvisahau.

Petroli yenyewe nayo nunua kituoni, si kwenye chupa ya kando ya barabara. Mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa ulienea mpaka serikali, mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Mashine inakuwa nzito kuwaka, na plagi inakuwa na masizi.

Ukinunua jenereta iliyotumika bara, uliza kama jeti ilibadilishwa. Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko hapa kisiwani, hivyo kuna wanaoweka jeti ndogo ili petroli isizidi. Mashine hiyo ikishushwa Mombasa inakutana na hewa nzito, petroli inapungua kipimo, na injini inachemka. Iendeshe na mzigo kama robo saa, izime, ipoe, toa plagi uangalie ncha yake. Rangi ya kahawia kama karafuu kavu ni nzuri. Nyeupe kama chokaa ni petroli kidogo; rudisha jeti ya namba ya kiwandani. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi.

Jambo moja silisemi kwa upole: jenereta haiwashwi ndani ya duka, hata mvua ikinyesha, hata mlango ukiwa wazi. Ndani ya moshi wa eksozi mna gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

Ukimaliza kuitumia, usibonyeze swichi. Funga koki ya mafuta, uiache iungurume hadi imalize petroli iliyobaki bakulini na izime yenyewe. Huchukua dakika chache tu, kisha ndiyo uirudishe chini ya kaunta.