Kuchunguza Saratani kwa Wenye Ugonjwa Sugu wa Ini: Karatu na Ngorongoro

Saratani ya ini hukua kimya. Maumivu yanapoanza, mara nyingi nafasi ya kuiondoa imekwisha kupita. Kwa hiyo mgonjwa mwenye sirosisi, iwe imetokana na homa ya ini B au pombe, hupaswa kupimwa kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, hata akijihisi mzima. Kwa mfugaji atokaye mbali, tarehe ya kurudi iandikwe kabla hajaondoka.

Uvimbe utakaoonekana usihukumiwe upesi kuwa saratani. Miongoni mwa wafugaji wa Ngorongoro, minyoo aina ya tegu inayoenezwa na mbwa husababisha vifuko vya maji ndani ya ini. Kifuko hicho kisichomwe sindano kiholela: kikivuja, maji yake yaweza kuleta mzio wa kuua.