Kidonda cha Mdomoni: Hesabu Wiki Mbili

Vidonda vingi vya mdomoni si saratani. Kile kidogo cha mviringo, cheupe katikati na chekundu pembeni, kinachowasha ukila ndimu, kwa kawaida hupona chenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Kinachosumbua ni kidonda kisichopona. Jino lililovunjika likiukwaruza ulimi kila siku huleta kidonda chenye kingo ngumu, ambacho hata daktari mzoefu anaweza kukidhania saratani. Jino likichongwa au kung'olewa, kidonda huanza kufunga. Kaswende na kifua kikuu navyo hutoa vidonda mdomoni, na kwa anayeshinda kwenye vumbi la maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Geita, kifua kikuu si cha kusahau. Anayechoma dhahabu kwa zebaki huvuta mvuke wenye sumu: fizi huvimba, mate hujaa, mikono hutetemeka, vidonda hutokea. Basi ukifika kwa daktari, taja kazi yako hata asipokuuliza.

Saratani yenyewe mara nyingi huanza bila maumivu, ubavuni mwa ulimi au chini yake. Ndiyo maana kusema "hakiumi, kitapona" ni hatari. Wanaovuta sigara, wanaotumia ugoro na wanaokunywa pombe kali wachunguze vinywa vyao zaidi, hasa wanaochanganya tumbaku na pombe.

Wiki 2 zikipita bila kupona, nenda zahanati au kituo cha afya uombe rufaa kwa daktari wa kinywa na meno. Ukiona pia uvimbe shingoni, ganzi mdomoni au shida ya kumeza, nenda leo. Kama kinauma, asprini usiiweke juu ya fizi. Inaunguza na kuongeza kidonda kingine.

Macho peke yake hayatoshi kutoa jibu. Daktari atakuchoma sindano ya ganzi, akate kinyama kidogo, kipelekwe maabara. Wengi huku kwetu Shinyanga na Geita hukimbia hapo, wakiamini kisu husambaza saratani. Si kweli, na imani hiyo inatuumiza sana, maana mgonjwa hurudi baada ya miezi, ugonjwa ukiwa umeshafika shingoni. Saratani ikithibitishwa, matibabu yapo Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mama, baba, jioni hii chukua tochi, mwambie mwenzako atoe ulimi, uangalie pande zote mbili na chini yake.